Kupitia mpango binafsi wa mtoto mwenye mahitaji maalumu: pima mpango kabla ya kumpima mtoto

Mpango binafsi wa elimu, yaani karatasi ya malengo na msaada wa mtoto mmoja mwenye mahitaji maalumu, huandikwa kwa bidii Januari. Juni unafunguliwa, tarehe inabadilishwa, pembeni panaandikwa "anaendelea vizuri", kisha unarudi kabatini. Hayo si mapitio. Maelezo haya ni ya walimu wa vitengo vya elimu maalumu na wa shule jumuishi za Kigoma na Tabora, na yanafaa pia kwa mzazi anayeitwa kwenye kikao bila kujua aulize nini.

Wiki mbili kabla ya kufunga shule, toa mpango pamoja na daftari la vipindi. Usiguse alama za mtoto kwanza. Anza kuhesabu msaada. Kama mpango unasema vipindi 3 vya msaada vya nusu saa kila wiki, kwa wiki 16 mtoto alipaswa kupata vipindi 48. Hesabu vilivyofanyika kweli. Ukikuta 19, lengo lisilofikiwa halijakuambia lolote kuhusu uwezo wake, maana hakupata hata nusu ya alichoahidiwa. Andika sababu kwa jina lake: mwalimu alikuwa anashikilia darasa lingine, mwalimu alihama, au masika yalikata njia na kiti mwendo hakipiti kwenye tope. Kila sababu ina dawa yake. Ya kwanza inahitaji mwalimu mkuu abadilishe ratiba, ya mwisho inahitaji kazi za kufanyia nyumbani Machi na Aprili. Pasipo hesabu hii, kikao huishia kumshushia mtoto lengo kwa kosa la watu wazima.

Kisha kagua vifaa, kwa mkono wako mwenyewe. Kwa mtoto anayevaa kifaa cha kusikia, fungua mlango wa betri. Betri nyingi hudumu wiki moja hadi mbili tu, kwa hiyo pakiti moja iliyoletwa Januari haiwezi kufika Juni. Angalia pia kama nta imeziba tundu la kipande kinachoingia sikioni. Halafu simama nyuma ya mtoto, hatua mbili hivi, ziba mdomo kwa karatasi na utamke sauti sita, moja moja, bila mpangilio: aa, uu, ii, m, sh, s. Mwambie arudie au ainue mkono. Akisikia aa na uu lakini akakosa sh na s, basi imla yenye "shoka" na "soka" si kipimo cha haki kwake. Huo ndio wakati wa kumwandikia rufaa ya kupimwa masikio upya, badala ya kumwandikia "hana usikivu darasani".

Kwa mtoto mwenye ualbino, kofia na mafuta ya kujikinga na jua, kama Kilisun yanayotengenezwa Moshi, ni sehemu ya mpango, lakini walimu wengi huishia hapo na kusahau macho. Wengi wa watoto hawa wana uoni hafifu ambao miwani haiumalizi. Kaa kwenye dawati lake saa nne asubuhi uone mwanga wa dirisha unampiga wapi. Mpango unaosema "akae mbele" huku mbele penyewe kuna jua la moja kwa moja umemharibia zaidi.

Sasa njoo kwenye malengo. Lengo ambalo watu wawili hawawezi kulihesabu na kupata jibu moja ni matumaini tu. Tuchukue hili, ambalo hukutwa kwenye mipango mingi: "Ataweza kusoma vizuri." Liandike hivi: "Kwa maandishi makubwa (ukubwa wa herufi pointi 24) yaliyo mezani kwake, atasoma sentensi 5 za maneno manne manne bila kusaidiwa, kwa siku 4 kati ya 5, ifikapo mwisho wa Mei." Mapitio yake yanahitaji wiki moja tu. Kila siku mpe sentensi 5 mpya na uweke alama ya mstari kwa kila aliyoisoma. Siku hizohizo mpe nyingine 5 za ugumu uleule ubaoni. Akipata 5, 4, 5, 5, 5 mezani na 1, 2, 1, 0, 2 ubaoni, kusoma anajua. Ubao ndio hauoni. Lengo la mezani limefikiwa, na kinachobadilika muhula ujao ni namna ya kumfikishia maandishi: nakala mkononi, au jirani yake asome ubao kwa sauti.

Malengo matatu yanatosha, manne yakizidi sana. Moja lihusu maisha ya kila siku: kufunga vifungo, kwenda chooni mwenyewe, kuomba maji kwa ishara. Kwa mtoto mwenye usonji au ulemavu wa akili, hilo mara nyingi ndilo litakalopunguza kazi nyumbani kuliko herufi zote.

Kuna kosa moja linalojificha sana huku kwetu. Mtoto wa Kasulu au Buhigwe aliyekulia kwenye Kiha, au wa Sikonge aliyekulia kwenye Kinyamwezi, akipimwa kwa Kiswahili pekee katika madarasa ya awali, anaweza kuandikwa mzito wa akili. Kabla ya kuhuisha maneno hayo kwenye mpango, rudia maswali machache kwa lugha ya nyumbani, mbele ya mtu mzima anayeijua. Usimtumie kaka yake mdogo kuwa mkalimani.

Kikao chenyewe kisizidi watu sita: mzazi au mlezi, mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu, mwalimu mkuu, matroni au patroni kama mtoto analala bweni, na mtoto mwenyewe kwa walau dakika kumi. Kamati nzima ya shule haina haja ya kusikia historia ya kifafa ya mtoto wa mtu.

Siku ya kikao ifuate kazi za wazazi. Mwambao wa Ziwa Tanganyika, wavuvi wa dagaa hutumia taa usiku wa giza, hivyo siku za mbalamwezi ndizo utawapata wakiwa nyumbani na wana nafasi. Urambo na Kaliua, epuka kilele cha kuchuma na kukausha tumbaku. Kwa mtoto wa bweni ambaye kwao ni mbali, fanya siku ya kufunga shule mzazi anapomfuata. Ukimwita wiki nyingine, nauli itamzuia.

Anza na mzazi, kabla karatasi haijasomwa: "Shikamoo mama. Tueleze, tangu Januari, ni kitu gani anafanya mwenyewe sasa ambacho zamani ulimfanyia?" Ukianza na karatasi, ataitikia kila kitu na kutia sahihi. Na karatasi isisainiwe ikiwa na nafasi wazi "tutajaza baadaye".

Kwa walio karibu na mtihani wa taifa, linganisha mpango na kilichojazwa wakati wa usajili. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 katika masomo mengine, na wenye uoni hafifu hupewa maandishi makubwa. Mtoto azoee muda huo kwenye mitihani ya shule. Aliyezoea kukimbizana na wenzake humaliza haraka na kukaa bure. Asiyeandikishwa kama mwenye uoni hafifu anaweza kukutana na karatasi ya kawaida siku yenyewe.

Mwisho, tengeneza nakala tatu: moja faili la shule, moja nyumbani, na moja kwenye meza ya mwalimu wa darasa, mahali anapoiona kila asubuhi. Juu ya hiyo ya mezani andika tarehe ya kuhesabu vipindi katikati ya muhula, wiki ya nane, na jina la atakayehesabu. Mwalimu akihamishwa, mpokeaji asaini nakala hiyo kabla aliyeondoka hajapanda gari.