Matairi ya Baridi Ujerumani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuamua

Sheria ya Ujerumani haimpangii dereva tarehe ya kubadilisha matairi. Tangu mwaka 2010 inamtaka awe na matairi ya baridi pale tu anapoendesha kwenye barabara yenye barafu, theluji iliyoshindiliwa, tope la theluji au umande ulioganda, na gari lililoegeshwa halihusiki na sharti hilo. Kwa hiyo jambo la kwanza la kujiuliza, kabla hata ya kuulizia bei, ni kama siku barabara itakapoharibika utaweza kuliacha gari nyumbani ukapanda treni. Anayeishi Hamburg jirani na kituo cha treni, na ambaye gari lake hutoka Jumamosi kwenda sokoni, anaweza kujibu ndiyo bila wasiwasi. Muuguzi anayeingia zamu ya saa kumi na mbili asubuhi katika mji mdogo wa Bavaria, wakati basi la kwanza halijapita na magari ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu hayajafika mtaani kwake, hana uchaguzi huo, hata kama theluji itaanguka mara mbili tu msimu mzima.

Ukikamatwa na matairi yasiyofaa katika hali hiyo, faini ni euro 60 pamoja na pointi moja katika daftari la madereva linalotunzwa Flensburg, na ikiwa umesababisha ajali faini hupanda hadi euro 120. Mwenye gari anayemruhusu mwingine aliendeshe hivyo naye hutozwa euro 75, jambo ambalo wanaoazimana magari na ndugu au marafiki wafaa kulikumbuka. Zaidi ya faini kuna bima: kampuni iliyokatia gari lako bima kubwa inaweza kupunguza malipo kwa hoja kwamba ulifanya uzembe wa wazi.

Sababu ya kuwapo kwa matairi haya imo ndani ya mpira wenyewe. Tairi la majira ya joto hukakamaa baridi inapozidi, ilhali la baridi limechanganywa ili libaki laini, na juu ya kashata zake, yaani vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara, kuna mikato myembamba mingi inayong'ata theluji. Utasikia watu wakitaja nyuzi joto 7 kana kwamba hapo ndipo tairi moja linakufa na jingine linafufuka. Kwa maoni yangu hicho ni kigezo cha kukumbukia tu, kwa kuwa kwenye lami kavu tairi zuri la majira ya joto bado hufunga breki vizuri hata chini ya kiwango hicho. Tofauti inayotisha huonekana theluji inapokuwa chini ya gurudumu.

Ukiamua kununua, na hasa ukinunua yaliyotumika, inama ulikague tairi ubavuni. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, kwani tangu Oktoba 2024 herufi M+S (kifupi cha Kiingereza cha tope na theluji) peke yake hazitoshi tena, na matairi ya zamani yenye herufi hizo bila mlima bado yanauzwa kwa bei ya kuvutia. Kisha soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT: 3523 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2023, na tairi lenye umri mkubwa huwa gumu hata kama kashata zake zinaonekana mpya. Kina cha kashata unaweza kukipima kwa sarafu ya euro 2, ambayo ukingo wake wa rangi ya fedha una upana wa takriban milimita 4. Ukiichomeka katikati ya kashata na ukingo ukabaki nje, achana na tairi hilo. Ni kweli kwamba sheria ya Ujerumani inakubali milimita 1.6, lakini tairi la namna hiyo ni kipara kwa kazi ya theluji, na ukivuka mpaka kuingia Austria, tairi la kawaida lililo chini ya milimita 4 halihesabiwi kabisa kuwa la baridi.

Matairi ya misimu yote yenye alama ile ya mlima yanatimiza sheria, na kwa mtu wa mjini, anayeishi tambarare na kuendesha kidogo, naona ndiyo chaguo la busara. Anayepanda milima ya Alpi kila wiki asijaribu. Wala asidanganyike kwamba gari lake linavuta kwa magurudumu yote manne: nguvu hiyo humsaidia kuondoka, haimsaidii kusimama. Vilevile usifunge mawili tu ili kupunguza gharama, maana gari litashika mbele na kuteleza nyuma, au kinyume chake.

Kuhusu gharama, kumbuka kwamba seti moja hupumzika nyingine inapotumika, hivyo zote mbili hudumu miaka mingi zaidi. Seti iliyokwisha kufungwa kwenye rimu zake hurahisisha kazi ya kila msimu, ila uwe na mahali pakavu pa kuihifadhi au uwe tayari kulipa gereji ikutunzie. Panga miadi mapema mwezi Oktoba, kwa sababu theluji ya kwanza ikishaanguka foleni huwa ndefu. Gari likitoka kwa fundi, pima upepo matairi yakiwa yamepoa, kwani baridi hupunguza upepo wenyewe bila tundu lolote, na ukishatembea takriban kilomita 50 kaza tena nati za magurudumu kwa spana ya kupimia mkazo.