Busta sio mbolea: ipige kabla jua halijaumiza nyanya

Wakulima wa nyanya wa Ruaha Mbuyuni na mabonde mengine ya joto mnakijua kile kipindi cha Oktoba na Novemba, mvua bado, jua linachoma, unaingia shambani asubuhi unakuta maua yamelala chini mstari mzima. Okota ua moja uliangalie vizuri, utaona halijakatwa na mdudu, kikonyo kimekuwa njano pale kwenye kifundo cha katikati na ndo hapo hapo kilipoachia. Mmea wenyewe umelitupa. Mchana joto likivuka nyuzi 32 alafu usiku nao haupoi, chavua inaharibika, tunda halishiki.

Hapo ndo watu wanakimbilia duka la pembejeo kuulizia busta, na hapo ndo hela inapotea maana wameshachelewa.

Hizi busta, wataalamu wanaziita biostimulanti, zinatokana na vitu kama mwani, asidi za humiki (zinazotoka kwenye mabaki ya mimea yaliyooza), asidi amino (vijenzi vya protini), na nyingine ni kuvu hai kama trikoderma. Busta ya mwani ukisoma lebo yake utakuta naitrojeni kiduchu sana, haiwezi kulisha shamba hata kidogo, kazi yake ni kuuamsha mmea ujiandae, yani mizizi iongezeke na seli zianze kujikusanyia vitu vya kushikilia maji ili jua likija zisilegee. Maandalizi hayo yanataka siku kadhaa, kwahiyo ua likishadondoka hakuna chupa itakayolirudisha. (Mwani wa kwenye chupa nyingi sio ule wanaolima kina mama wa Paje na Jambiani kule Zanzibar, ni wa aina nyingine ya bahari ya baridi, na tafadhali usichukue mwani mbichi wa pwani ukaumwaga shambani, chumvi yake itakuumizia miche.)

Mimi nashauri hivi: piga mara ya kwanza miche ikiwa bado kitaluni, siku chache kabla ya kuhamisha. Rudia ikishashika shambani, alafu tena vichala vya kwanza vya maua vikianza kuchomoza. Nyingi zinataka nafasi ya siku 10 hadi 14 ila fuata lebo ya kwako. Piga asubuhi kabla ya saa 3 au jioni kuanzia saa 11, na kama shamba limekauka mwagilia kwanza, jani lililonyauka halinywi kitu.

Kipimo ndo kinawaponza wengi, mtu anapima kwa kifuniko cha soda. Lebo ikisema mililita 2 kwa lita moja, bomba la lita 16 ni mililita 32, chukua bomba la sindano upime, bei yake ni ndogo. Kuzidisha hakuongezi matunda, kunaweza hata kuudumaza mmea.

Na kuchanganya, jamani. Msimu mmoja nilichanganya busta ya asidi amino na dawa ya ukungu ya kopa (shaba) kwenye bomba moja ili nisirudie kazi, kesho yake majani machanga yote yameungua kingo, kahawia kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto. Asidi amino inaisaidia kopa kupenya ndani ya jani kuliko inavyotakiwa. Tangu hapo natenganisha siku. Za trikoderma nazo, kwa kuwa ni kuvu hai, ukizichanganya na dawa ya ukungu unaweza kuua kile kile ulichonunua.

Dukani angalia usajili, tarehe ya kuisha na orodha ya kilichomo. Chupa imeandikwa tu "inaongeza mavuno maradufu" na haisemi ndani kuna nini, iache hapo hapo kaunta. Na kama hela haitoshi vyote, nunua mbolea, samadi na maji ya kutosha kwanza, mmea wenye njaa hausaidiwi na busta, hapo sina mjadala.

Alafu usiniamini mimi wala muuza duka, pima mwenyewe. Acha mistari miwili katikati ya shamba bila busta, mbolea na maji sawa na kwingine, weka kijiti chenye kitambaa chekundu. Joto likishapita chagua mashina 10 yaliyopigwa busta na 10 yasiyopigwa, hesabu matunda yaliyoshika kwenye vichala vitatu vya mwanzo, andika kwenye daftari, angalia ziada ya upande wenye busta, kadiria kwa shamba zima ni matenga mangapi, zidisha kwa bei ya tenga, toa gharama ya chupa na kibarua wa kupiga. Namba hiyo ndo nenda nayo dukani msimu ujao.