Namna ya Kumpima Mchezaji wa Mpira wa Australia kwa Takwimu na kwa Macho

Mtu aliyelelewa na soka hupata shida anapoketi kwa mara ya kwanza kutazama AFL, ligi kuu ya mpira wa Australia. Kila timu ina watu 18 ndani ya uwanja wenye umbo la yai, hakuna sheria ya kuotea, mpira hupigwa teke au hugongwa kwa ngumi kumfikia mwenzako, goli huleta pointi 6, na mkwaju uliopita kati ya nguzo ndefu na nguzo fupi ya pembeni huleta pointi 1 tu. Kwa kuwa macho hayajui yashike wapi, wengi hungoja mechi iishe, hufungua jedwali la takwimu na kumtangaza bora mwenye namba kubwa kuliko wote. Sikushauri uzitupe namba, kwani bila hizo utamsifu kila anayeruka juu na kumsahau anayefanya kazi, lakini zina mpangilio wake wa kusomwa.

Namba inayotajwa zaidi ni idadi ya mara ambazo mchezaji ameutoa mpira, kwa teke au kwa ngumi. Machi 2018 Tom Mitchell wa Hawthorn aliutoa mara 54 katika mechi dhidi ya Collingwood, akaipita rekodi ya 53 iliyowekwa na Greg Williams mwaka 1989, na msimu ulipoisha akavishwa medali ya Brownlow ya mchezaji bora wa msimu, ambayo tangu 1924 hutolewa kwa kura za waamuzi. Hakuna anayefika 54 bila pumzi ya kipekee na akili ya kujua mpira utaangukia wapi. Hata hivyo, pasi ya ngumi ya mita 2 kwenda nyuma, kwa mwenzako ambaye tayari amezingirwa, huhesabiwa 1, na teke la mita 50 linalotua kifuani mwa mshambuliaji nalo huhesabiwa 1. Kwa hiyo, kabla ya kuishangilia jumla, tazama safu zinazoichambua: mipira mingapi aliipata kwa kuigombania, aliusogeza mpira mita ngapi, na mara ngapi mguso wake ulikuwa sehemu ya mfululizo uliozaa pointi. Kampuni ya Champion Data, inayokusanya takwimu rasmi za ligi, huzitenganisha safu hizo, na mimi huzisoma zote kabla sijaitazama jumla.

Pili, usilinganishe watu wasiofanya kazi moja. Kiungo hukaa mahali mpira ulipo, ilhali beki wa kati anayemkaba mshambuliaji hatari zaidi anaweza kuutoa mpira mara 10 tu na bado akawa ndiye aliyeiokoa timu. Namba za mshambuliaji nazo hutegemea ubora wa mipira anayopelekewa. Angalia pia muda, kwa sababu wachezaji huingia na kutoka mara nyingi katika robo zote nne, na aliyecheza sehemu ndogo ya mechi hawezi kudaiwa hesabu ya aliyekaa uwanjani karibu mechi nzima. Zaidi ya yote, jihadhari na msimu wa 2020: kutokana na janga la korona robo zilipunguzwa kutoka dakika 20 hadi 16, bila kuhesabu muda wa nyongeza, na kila timu ikacheza mechi 17 badala ya 22 kabla ya mtoano. Anayeuweka mwaka huo sambamba na mingine bila kulisema hilo anawadhulumu wachezaji.

Sasa tuje kwenye macho, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu ndipo watu wanapojidanganya. Mtazamaji wa televisheni huamini kwamba ameuona mchezo wote, kumbe kamera hufuata mpira, na jedwali la takwimu nalo hufuata mpira. Vyote viwili vina upofu mmoja. Kazi kubwa ya mchezo huu hufanyika mbali na mpira: kukimbilia nafasi ambayo hutapewa pasi, kumvuta beki atoke kwenye njia, kumkinga mwenzako asikamatwe.

Chukua dakika za mwisho za fainali ya 2018 katika uwanja wa MCG, Melbourne, iliyotazamwa na zaidi ya watu 100,000. Collingwood walikuwa mbele kwa tofauti ndogo. Jeremy McGovern wa West Coast akaudaka mpira katika eneo la ulinzi, akampigia Nathan Vardy, Vardy akampigia Liam Ryan, na Ryan akautuma kwa Dom Sheed karibu na mstari wa pembeni. Sheed akaudaka, na kwa kuwa anayedaka teke lililosafiri mita 15 au zaidi hupewa haki ya kupiga bila kuguswa, akafunga kutoka pembe finyu mno. West Coast wakashinda 79 kwa 74. Mfuatano huo una majina manne, na jina la Willie Rioli, mwenzao wa West Coast, halimo. Lakini rudia picha ukimtazama yeye: ndiye aliyesimama njiani na kumzuia Brayden Maynard wa Collingwood asimfikie Sheed. Mashabiki wa Collingwood hudai kwamba hiyo ilikuwa faulo, na hoja yao ina uzito, lakini hakuna anayeweza kuuelewa mdako ule bila kumwona Rioli. Takwimu huviweka vitendo vya namna hiyo pamoja na kuziba mkwaju na kuupangua mpira katika safu moja iitwayo «asilimia moja», na safu hiyo haikuelezi kipi kilikuwa na thamani gani.

Mchezaji mzuri wa kujifunzia ni Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya kwa wazazi kutoka Sudan Kusini, akachezea Sydney kisha Port Adelaide, na mwaka 2021 akateuliwa katika kikosi bora cha mwaka. Sifa yake kubwa ni kuidaka mipira iliyokusudiwa kwa wapinzani. Jedwali litakupa idadi ya midako hiyo, nawe uiulize swali moja: je, ni mingi kwa sababu anausoma mchezo, au kwa sababu timu yake imebanwa na mipira inamiminika kwake? Jibu liko katika miguu yake sekunde mbili kabla ya teke kupigwa. Akiwa amekwisha kumwacha mtu wake na kuanza kuelekea mahali mpira utakapotua, huo ni usomaji.

Ili kuifanya kazi hii, chagua mchezaji mmoja na umfuate kwa robo nzima, hata mpira ukiwa mbali naye, kila kamera inapokupa nafasi ya kumwona. Andika anasimama wapi mpira unaporudishwa mchezoni, anafanya nini timu yake inapoupoteza, na kama hurudi kukaba kwa mbio au kwa kutembea. Mpe alama zako kabla ya kuona namba yoyote. Kisha fungua jedwali. Pale alama zako na takwimu zinapogombana, tafuta picha za marudio za vipindi hivyo na uzitazame upya, ukimtazama mtu badala ya mpira. Fanya hivyo kwa mechi tatu au nne za mchezaji yuleyule kabla ya kutoa hukumu, kwa kuwa siku moja ya mvua huharibu udakaji wa hata mikono bora kabisa.