Jinsi ya kujaza mamilioni ya rekodi za majaribio kwenye PostgreSQL

Ukijaribu mfumo na rekodi ishirini ulizoandika kwa mkono kila kweri (ombi la data kwa kanzidata) itaonekana iko fasta, rangi yake utaijua siku wateja wakianza kumiminika. Na huhitaji skripti ya kuingiza rekodi moja moja, hiyo utalala ukiisubiri, PostgreSQL, kanzidata yenyewe, ina generate_series, inayokutolea namba mfululizo kwa mkupuo, na inatosha kabisa.

Tuseme ni duka la mtandaoni, tebo mbili, wateja na oda, id zinajijaza zenyewe kuanzia 1. Anza na wateja, maana oda ya mteja asiyekuwepo inakataliwa:

INSERT INTO wateja (jina, mji)
SELECT 'Mteja ' || n,
(ARRAY['Dar','Mwanza','Arusha','Mbeya','Tanga'])[1 + floor(random()*5)::int]
FROM generate_series(1, 100000) AS n;

Hiyo floor usiitoe. Bila yenyewe 4.7 inageuzwa kuwa 5, ukijumlisha 1 unapata 6, na mji wa sita haupo, unaachiwa NULL, yaani pengo tupu.

Sasa oda milioni 5:

INSERT INTO oda (mteja_id, kiasi, tarehe)
SELECT 1 + floor(power(random(), 3) * 100000)::int,
1000 + floor(random() * 99000)::int,
now() - random() * interval '2 years'
FROM generate_series(1, 5000000);

Hapo kwenye power ndo penyewe. random() tupu inagawa oda karibu sawa kwa wateja wote, na duka la hivyo mi sijaliona, wapo wanaonunua kila wiki na wapo waliopita mara moja wakapotea. Ukiipandisha kipeo cha 3 namba nyingi zinasogea karibu na sifuri, kwa hiyo wateja 10,000 wa kwanza wanabeba kama asilimia 46 ya oda zote, hapo utaona kweri ileile inahema kwa mteja mkubwa na kwa mdogo inateleza tu.

Kuna wanaomchagua mteja kwa (SELECT id FROM wateja ORDER BY random() LIMIT 1), achana nayo, Postgres inaipiga mara moja tu na oda zote milioni 5 zinaangukia mtu mmoja, sijui huyo ana hela kiasi gani.

Indeksi za ziada (za kuharakisha utafutaji) weka ukishajaza, siyo kabla, uingizaji utakuwa mwepesi zaidi. Halafu piga ANALYZE kwa tebo zote mbili, ili Postgres ipate takwimu zake, ndo uanze kupima na EXPLAIN ANALYZE, inayokuonyesha kweri imepita wapi na imechukua muda gani. Na ukitaka kurudia upya tumia TRUNCATE wateja, oda RESTART IDENTITY. Ukifuta bila hiyo RESTART IDENTITY, id za wateja zitaendelea kuanzia 100001 na oda zitagoma kuingia.