Printa imegoma kwenye Linux baada ya umeme kurudi? Anza na IP

Wenye steshenari na Linux hii inawahusu. Huku Kirumba, Mwanza, umeme ukikatika ukarudi, ruta inaweza kuipa printa IP nyingine (namba ya anwani yake kwenye mtandao) wakati kompyuta bado inaitafuta ile ya zamani, unabonyeza print weee mpaka foleni inajaa na mteja anakuangalia tu na flashi yake mkononi. Usikimbilie kufuta draiva, mi nilishapoteza asubuhi nzima hivyo kumbe draiva haina kosa.

Fungua terminali andika lpstat -t, itakuonyesha printa imewekwa IP gani na kama imesimamishwa. Halafu nenda kwenye printa yenyewe utoe ile karatasi ya mipangilio ya mtandao, yangu iliandika 192.168.1.14 na kompyuta inang'ang'ania 192.168.1.9, basi tatizo ndo hilo. Futa kwanza kazi zilizokwama kwa cancel -a, la sivyo itatema CV ya mtu mara nane na karatasi ni zako. Kisha (weka jina la printa lililotoka kwenye lpstat na IP ya printa yako):

sudo lpadmin -p jina_la_printa -v ipp://192.168.1.14/ipp/print
sudo cupsenable jina_la_printa

Printa ya kizamani, badala ya hiyo ipp://... weka socket://192.168.1.14:9100. Hiyo amri ya pili, cupsenable, msiiruke jamani, CUPS (programu ya Linux inayosimamia uchapishaji) ikishindwa kuchapa, mara nyingi inaifunga foleni na haiifungui yenyewe hata IP ikiwa sahihi, hapo ndo wengi wanakwama.

Ukipata nafasi ingia kwenye ruta uifungie printa IP yake kwa adresi ya MAC (namba ya kudumu ya kifaa chenyewe), isibadilike tena.