Unakaa Dar au pwani? Soma hii kabla hujanunua miche ya maua

Wengi tunachagua maua kwa macho, umepita kwa wauza miche pembeni ya barabara umeona waridi limechanua unalipia, mwezi haujaisha yamebaki vijiti. Mimi yalinikuta na mawaridi niliyoyabeba kutoka Arusha, majani yakaanza madoa meusi, yakawa ya njano, yakapukutika yote, na mimi kila jioni namwagia maji juu ya majani, kumbe ndo nayamaliza. Huku kwetu joto peke yake mimea mingi inalivumilia, kinachoua ni joto pamoja na unyevu, usiku hakupoi, majani hayakauki mpaka asubuhi na ukungu, yaani fangasi, unapata makazi. Kwahiyo waridi, lavenda na haidrenjia zinazopendeza Lushoto, kama hela yako ya mawazo achana nazo.

Ukitaka kujua nini kinafaa zunguka mtaani kwenu mwezi wa pili, jua kali na masika bado, tafuta nyumba ambayo mwenyewe hayupo siku nyingi alafu angalia nini bado kiko kijani bila mtu kumwagilia. Utakuta bogonvilia, krotoni, alamanda, frangipani, mwarobaini. Anza na hizo.

Bogonvilia inataka jua la kutwa, na ikishashika punguza maji, maana ukiimwagilia sana inatoa majani tu maua huyaoni. Krotoni nayo kwenye jua rangi zinakolea, kivulini inafifia inabaki kijani. Kama uko karibu na bahari upepo unakuja na chumvi, hapo mnazi, mvinje na mkungu ndo wenyeji, vingine vingi majani yanaungua pembeni. Nyasi za kufunika uwanja nashauri pemba grass, ile ya jani pana, chumvi inaiweza na kivuli kidogo pia, wakati ukoka wa kawaida chini ya mwembe unatoka vipara.

Miti hapa ndo watu wanaumia. Mfikasi unauziwa mdogo kwenye kopo, umekatwa kama mpira, unapendeza kweli, lakini ukiuweka karibu na ukuta au karo baada ya miaka mizizi inanyanyua sakafu na kupasua bomba. Uweke mbali kabisa au uache. Kama eneo ni dogo panda ashoki, inakwenda juu imenyooka haitanuki. Na kama una watoto wadogo usipande olianda, ina sumu kuanzia jani mpaka ua.

Alafu jamani tusisahau vya kunukia, bibi zetu walijua. Asumini chini ya dirisha, jioni ikishaingia nyumba nzima inanukia bila kupuliza chochote. Mlangilangi pia, ila ule unakua mti mkubwa, uupe nafasi yake.

Ukifika kwa muuza miche usikimbilie uliochanua. Kwaruza shina kidogo kwa ukucha, ukiona kijani kibichi ndani uko hai, ukiona kahawia pakavu acha. Angalia chini ya kiriba, yaani kile kimfuko cha mche, mizizi ikiwa imejizungusha kama kamba ujue mche umekaa humo muda mrefu sana, utasumbua kushika. Muulize pia umekuzwa wapi, na kama ulikua chini ya neti ya kivuli uweke kwanza kivulini wiki moja hivi, ndo uuzoeshe jua taratibu.

Panda masika yakianza, mwezi wa tatu, au vuli. Shimo liwe pana kuliko refu, udongo wetu wa mchanga hauna kitu kwahiyo changanya na samadi iliyooza vizuri, ile mbichi inaunguza mizizi. Sehemu inayotuama maji nyanyua tuta kwanza. Na maji mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, majani yaache makavu.