Wi-Fi ya ofisi: kila mtu na nenosiri lake

Ofisi ikibanana na maduka Kirumba, Wi-Fi yake inanaswa hadi kwa jirani. Nenosiri likiwa moja kwa wote, anayeacha kazi anaondoka nalo, na kulibadilisha ni kupitia simu zote upya. Weka WPA2-Enterprise au WPA3-Enterprise, aina za ulinzi wa Wi-Fi za maofisini: kila mtu anaingia kwa jina lake, na seva ya RADIUS, yaani kompyuta inayokagua nani aruhusiwe, inahakiki. Akiondoka, unafuta jina lake tu.

Akses pointi, kifaa kinachorusha Wi-Fi, iwe na chaguo la Enterprise. Kwa seva, Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu) yenye FreeRADIUS, programu ya bure ya RADIUS, inatosha ofisi ndogo. Kwenye faili la clients.conf andika IP (anwani ya mtandao) ya akses pointi na neno la siri refu la kuunganisha vifaa hivi viwili, herufi 20 au zaidi. Liandike hilohilo kwenye akses pointi, pamoja na IP ya seva na poti 1812. Likitofautiana hata herufi moja, seva haijibu kabisa na simu inabaki kuzunguka. Hapo simamisha huduma ya FreeRADIUS, endesha amri ya freeradius -X, usome inacholalamikia.

Seva hujitambulisha kwa simu kwa cheti, faili la kidijitali linalothibitisha kuwa ndiyo yenyewe. Vyeti vya majaribio vinavyokuja na programu usivitumie. Tengeneza vyako, na urekebishe default_days (siku za uhai wa cheti) kwanza, maana mfano wake umewekwa siku 60; cheti kikiisha, ofisi nzima inakatika kwa mpigo.

Kosa baya kuliko yote hufanyika kwenye simu. Ukichagua PEAP, njia ya kuingia kwa jina na nenosiri, sakinisha cheti cha mamlaka yako (CA), kile kilichosaini cheti cha seva, na ujaze jina la seva kwenye nafasi ya domeni. Usikubali kabisa chaguo la kutohakiki cheti: mtu mwenye laptopu nje anaweza kurusha mtandao wenye jina kama lako, simu ikajipeleka yenyewe, naye akaondoka na data ya kuvunjia nenosiri.

EAP-TLS, njia nyingine ya kuingia, ni imara zaidi, kwa kuwa kila kifaa kina cheti chake na hakuna nenosiri la kuibwa. Ila Raspberry Pi haiji na betri ya saa. Umeme ukikatika, saa inabaki nyuma hadi intaneti irudi, na vyeti vilivyotolewa karibuni vinakataliwa. Funga moduli ya saa ya DS3231, na seva na akses pointi zikae kwenye UPS moja.

Wageni wape mtandao wao, VLAN tofauti (mtandao uliotengwa ndani ya vifaa vilevile), WPS, njia ya kuunganisha kwa kitufe au PIN, ikiwa imezimwa.